Ua la Theluji Lenye Mikono Saba

Kila Desemba sisi wanawake wa kanisa hukutana kwenye ukumbi wa chini kubadilishana mapambo ya mti wa Krismasi, kila mmoja na alichotengeneza kwa mikono yake, na sheria ya mchezo inaruhusu kuiba. Mnaokota namba. Mwenye namba ya kwanza anafungua kifurushi kimoja mezani. Anayemfuata anaweza kufungua kingine, au akitaka anamwibia yeyote aliyemtangulia, na aliyeibiwa anarudi mezani kufungua upya. Sheria hiyo imebandikwa ukutani juu ya birika la kahawa, na tangu ibandikwe hakuna mtu aliyewahi kuiba hata kijiti.

Msishangae. Babu zetu walitoka Norwei wakaja kulima huku Dakota ya Kaskazini, na ndani ya masanduku yao walipakia adabu nyingi kuliko matumizi. Mtu wa kwetu ukimkaribisha kahawa atakataa, ukimkaribisha tena atakataa, halafu atakubali nusu kikombe kwa sharti kwamba usijisumbue. Biskuti ya mwisho kwenye sahani huwa hailiwi. Mmoja anaikata nusu, mwingine anaikata ile nusu, na kile kipande kinabaki pale mpaka kikauke tukawatupie ndege. Watu hao ndio uwaambie waibe.

Basi mwaka huu niliiba mimi, Ardis, mjane wa Palmer, mwenye magoti mabovu na sifa nzuri. Nilifanya hivyo kwa ajili ya wifi yangu Thora.

Thora ni dada wa marehemu mume wangu, na nyumba yake inatazamana na yangu ng'ambo ya shamba la viazi sukari. Kwa maua ya theluji, yale mapambo ya uzi yenye umbo la chembe ya theluji, hakuna aliyemfikia. Anafuma kroshia kwa uzi mwembamba kama unywele wa mtoto mchanga, na sindano yake yenyewe ni nyembamba kiasi kwamba Palmer aliwahi kuchokolea meno akidhani ni kijiti, wakanuniana mpaka Pasaka. Akimaliza kufuma, analichovya ua kwenye maji ya sukari yaliyochemshwa yakawa mazito, analibana kwa pini juu ya ubao mkono kwa mkono, likikauka linasimama gumu kama barafu ya dirishani. Mikono sita kila ua. Theluji ya Mungu ina mikono sita, na Thora hakuwa mtu wa kumbishia Mungu kwenye hesabu.

Sasa vuli hii macho yake yaliharibika. Hakuwa kipofu, ila kila alichokitazama kilitoboka katikati. Alinieleza siku moja tukimenya tufaha: mimi hapa akiniangalia anaona kofia na masikio, uso haupo. Nikamwambia wifi, hujakosa kitu cha maana. Akacheka, halafu akanishika mkono akanifunga mdomo. Nisimwambie Joleen.

Joleen ni binti yake, yuko mjini Fargo, anafanya kazi benki, na ni mtoto mwema, jambo ambalo ndilo lililotutia hofu. Mtoto mbaya angemwacha mama yake agonge kuta kwa raha zake. Joleen alikuwa ameshamwekea mama yake chumba katika nyumba ya wazee karibu na kwake, pazuri sana, pana joto, asubuhi wanawakalisha kwenye viti wakapigiana puto. Alikwisha kumwambia mama yake, kwa upole kabisa, kwamba siku atakayoona dalili moja tu kuwa macho yamemshinda, atakuja na masanduku. Thora aliniuliza mtu aliyeendesha trekta na kuzika mume na kulipia shamba, akapige puto na nani.

Siku ya mabadilishano nilikwenda kwa Thora mapema ili tuongozane. Joleen alikuwa amekuja tangu jana yake, yuko nje anakwangua barafu kwenye kioo cha gari. Thora akanivuta jikoni. Akanong'ona kwamba amefuma maua mawili, kwa vidole vitupu, usiku na mchana kwake ni mamoja, na la mabadilishano limeshafungwa kwenye karatasi. Hili la pili lilikuwa bado kwenye ubao.

"Niangalizie," akasema. "Liko vipi?"

Nikainama. Nikahesabu mikono, nikavua miwani nikaifuta, nikahesabu tena. Ilikuwa saba. Kwa kuwa nafasi ilikuwa ya mikono sita tu, yote ilikuwa imebanana na kujikunja kama watu kwenye benchi la mazishi, isipokuwa mmoja uliowapita wenzake urefu, umenyooka kana kwamba unaonyesha njia ya Fargo. Nimewahi kuona kaa aliyekanyagwa, na alikuwa na umbo zaidi.

"Na lile ulilofunga?"

"Pacha wake. Vidole vyangu havikosei, wifi. Liko vipi hilo?"

"Limefanana na wewe," nikamwambia, akafurahi. Nilipoona amegeuka kutafuta koti nikalibandua lile ua nikalitumbukiza kwenye sidiria, mahali ambapo siku hizi hapana msongamano. Sukari ikapata joto ikaninata mpaka jioni.

Lile lililofungwa lilikuwa kwenye kikapu cha Joleen. Nikatoka nikamwambia anipe nimbebee. Akasema asante anti, asingependa kunisumbua. Nikasema si usumbufu. Akasema hata hivyo. Nikasema mikono yangu imekaa bure. Akasema ndiyo ipumzike. Nilimlea mimi mtoto huyo kila mama yake alipokuwa shambani, nikamfundisha mwenyewe kukataa, na asubuhi hiyo nilitamani ningemfundisha uchoyo na ufidhuli.

Kule ukumbini mambo hayakuwa mazuri zaidi. Thora hufunga zawadi yake kwa karatasi ya kaki ya mfuko wa sukari na uzi mwekundu wa sufu, kila mtu anaijua. Nikaiwekea juu kifurushi changu, na cha Lorene, mke wa mwenye duka la vyuma, na sahani ya biskuti. Marlys akaja akavipanga upya. Marlys ni mwenyekiti wetu, mwanamke anayenyoosha vitambaa vya meza za watu wengine, na akiona vitu vimelaliana hupata homa. Karatasi ya kaki akaiweka mbele kabisa. Namba zilipookotwa, yangu ilikuwa ya nyuma huko, ya Joleen ikawa ya mwisho kabisa, na Marlys akapata ya mapema. Akaenda moja kwa moja kwenye uzi mwekundu. Alikuwa akilitamani ua la Thora miaka mingi, ila kwa adabu alikuwa akichagua vifurushi vya mbali.

Akafungua. Akalinyanyua juu ili wote tulione. Kahawa ikasikika ikichemka.

"Ni la aina yake," akasema Marlys.

Inabidi niwaambie kwamba kwetu hakuna tusi linalozidi hilo. Sisi hatusemi kitu ni kibaya. Chakula kikiungua, tunasema ni cha aina yake. Mchungaji wa zamani alipotuhubiria na gitaa, mahubiri yalikuwa ya aina yake, na kabla theluji haijayeyuka alikuwa ameshahamishwa.

"Kweli, la aina yake," akasema Lorene, akitazama viatu vyake.

Thora alikuwa ameketi wima karibu na ukuta, anayatabasamia masikio ya Marlys, amepokea sifa. Joleen kando yake aliweka kikombe chini polepole. Yeye amezaliwa hapa. Anajua maana ya neno. Alilitazama ua, akamtazama mama yake, akalitazama ua tena, na mimi nikaona usoni mwake masanduku yanaanza kupangwa, vyombo kwanza, halafu mapazia.

Mchezo ukaendelea. Mtu akafungua malaika wa maganda ya mahindi, mwingine akafungua kengele ya vifungo, wote wakasema lo, nzuri, hukupaswa kujisumbua. Joleen hakuwa anaangalia. Ilipotajwa namba yangu, magoti yalinitangulia kusimama. Sikwenda mezani. Nilikwenda kwa Marlys.

"Nachukua hilo," nikasema.

"Lipi, mpenzi?"

"Hilo la mapajani."

Marlys akanionyesha meza kwa kidevu, taratibu, kama unavyomwonyesha mgonjwa kitanda chake. "Vifurushi bado vipo, Ardis."

"Naviona. Mimi naiba."

Sijui kama mmewahi kusikia ukumbi mzima wa wanawake ukiacha kutafuna. Mchungaji, ambaye alikuwa akimimina kahawa, aliendelea kumimina mpaka sahani ikajaa. Marlys akasema bila shaka, chukua tu, karibu sana, lakini vidole vyake havikuachia. Mdomo ulikuwa umeshakubali, mikono bado inajadiliana. Dakika moja iliyopita asingelitundika hata chooni. Sasa kwa kuwa mtu amelitaka hadi kujiaibisha, akaanza kulitazama vizuri.

"Kwa nini unalitaka hili?"

Hapo ndipo nilipomwona Joleen amegeuza kichwa anasikiliza. Mimi sikusema uongo, hilo mnishuhudie. Niliuliza tu.

"Kwani hukuhesabu mikono yake?"

Akahesabu. "Saba."

"Na nyumbani kwenu Krismasi mnaoka biskuti aina ngapi?"

Kwa watu wa kwetu hili ni swali zito. Nyumba yenye heshima huoka aina saba za biskuti za Krismasi, wala si sita. Aliyeoka sita husemwa mpaka Pasaka, na kuna familia moja iliyohamia Montana. Marlys akaangalia ua, midomo inachezacheza. Niliona wazo linaingia, linavua viatu, linakaa.

"Biskuti saba," akasema taratibu. Kisha akapaza sauti ya mwenyekiti. "Ndiyo, bibi yangu alikuwa nalo moja kama hili. La kale. Tulikuwa tukilitundika juu kabisa."

Bibi yake Marlys alikuja na sanduku moja na sufuria, na hiyo sufuria alikopeshwa. Lakini hakuna anayependa kuwa mwenye bibi asiyejua kitu. Lorene akakumbuka kwamba hata kwao lilikuwepo, na kwamba ule mkono mrefu ni wa krumkake, kwa sababu ndiyo biskuti inayoviringishwa kwenye kijiti. Mwingine akasema ile iliyojikunja ni ya zile za kukaangwa kwenye mafuta. Wakaanza kubishana kwa upole upi ni upi, kila mmoja akimwachia mwenzake mkono mzuri.

Nikarudi kitini na ua langu. Halikukaa. Lorene ndiye aliyenifuata kwa namba, akaja mbele yangu, shingo nyekundu.

"Ardis, kama hutajali," akasema, "na mimi naiba."

Baada ya hapo sikuweza kuzuia kitu. Wakaibiana kama kunguru. Lorene akaibiwa na mpiga kinanda wa kanisa, mpiga kinanda akaibiwa na mama mmoja ambaye miaka yote sijawahi kumsikia akiomba hata chumvi, na kila anayeiba anaomba radhi, anasema hapendi kumsumbua mtu, huku anavuta. Malaika wa maganda ya mahindi naye akaibiwa na hakuna aliyemhitaji. Nilianza kupumua. Nikafikiri, Mungu ni mwema, tutafika nyumbani.

"Saba?" akasema Thora.

Alisema kwa sauti, kama kawaida yake. Wote wakageuka.

"Nani anasema saba? Mimi sifumi saba. Ua langu lina mikono sita. Hilo lenye saba ni la mtu mwingine."

Nilimsukumia sahani ya biskuti, akaisukuma kando. Nikamkanyaga mguu, akaniuliza mbele ya watu kwa nini namkanyaga. Marlys alikuwa ameshaanza kupauka, maana bibi yake alikuwa hatarini. Joleen akasema, "Mama," sauti ya chini sana, na katika neno hilo nilisikia injini ya lori la kuhamisha vyombo.

"Nileteeni," akasema Thora.

Wakalipitisha mkono kwa mkono mpaka mapajani mwake. Hakuliinamia. Alitazama mbele, kwenye ukuta, akaweka kidole gumba katikati na kidole cha shahada kikaanza kuzunguka. Nilikuwa karibu, niliona midomo yake. Kidole kikapita mkono mmoja baada ya mwingine, kikafika wa sita, kikasogea kupumzika mahali kilipoanzia, kikakuta pana mwingine. Kikasimama pale. Kikaupapasa ule mrefu mpaka nchani, kikarudi. Nimemfahamu Thora tangu nilipoolewa na kaka yake, na sijawahi kumwona na sura ile, hata siku ya mazishi ya mumewe.

Halafu akainua kidevu akanigeukia, akilenga kidogo upande wa sikio langu.

"Ardis, nilikwambia usiwaambie. Nilitaka wahesabu wenyewe."

Ukumbi ukashusha pumzi. Marlys akasema alikuwa karibu sana kuhesabu mwenyewe bila kuambiwa. Nikasema samahani wifi, mdomo wangu unajulikana, naye akasema ndiyo, kwa bahati mbaya unajulikana mpaka Minnesota, na watu wakacheka, ua likarudishwa kwa yule mama wa chumvi.

Ikabaki namba moja. Joleen akasimama. Mezani kulikuwa na kifurushi kimoja hakijaguswa, nacho ni changu, kwa hiyo hakikuwa na ushindani. Akakipita. Akamwendea yule mama akanyoosha mkono, hakuomba hata radhi, akachukua ua. Kisha akaja akachuchumaa mbele ya mama yake, akalinyanyua, na kidole akakielekeza kwenye mkono mmojawapo bila kuugusa.

"Mama, huu hapa ni biskuti gani?"

Thora pale alikuwa anaona pengine nywele, pengine pambizo la meza. Nikafungua mdomo nimjibie. Joleen akanitazama mara moja tu, nikaufunga.

Thora hakuharakisha. "Hiyo," akasema, "ni ile uliyokuwa ukiimaliza kabla wageni hawajavua makoti."

Wote wakaangua kicheko, mchungaji naye. Joleen alicheka pamoja nao, na alikuwa wa mwisho kunyamaza, akajifuta macho kwa kiganja. Akalifunga ua kwenye kitambaa, akalitia kwenye mkoba wake, akafunga zipu. Wakati tunavaa makoti, Marlys akamshika Thora kiwiko akamwambia ameshampangia Alhamisi zote za majira ya baridi, akina mama wanataka kujifunza la mikono saba. Thora akasema asingependa kuwasumbua. Marlys akasema si usumbufu. Nikawaacha hapo nikaenda kupasha moto gari la Joleen.

Joleen akatuendesha mpaka uani kwa Thora. Hakuzima injini.

"Mama, mimi unaniona?"

"Naona hereni," akasema Thora. "Wewe mwenyewe nakujua kwa sauti."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungenipeleka nikapige puto."

Joleen akaweka paji la uso kwenye usukani. Mimi nyuma nilijifanya mzigo. Baadaye akasema kwamba chumba atawapigia simu wampe mtu mwingine. Jumatatu wanakwenda kwa daktari wa macho, hakuna ubishi. Na nyumba mama yake abaki nayo, maana ndani ya ile nyumba anajua kila msumari.

"Ila funguo za pikapu nipe."

Thora akalipuka. Akasema yeye huenda dukani tu na kanisani, barabara imenyooka, haina kona, na magari yote yanamjua. Joleen akasema ndiyo, yanamjua, yanaingia mtaroni mapema. Akauliza sanduku la barua la jirani zetu akina Haugen lililokutwa limekwama kwenye bampa lilipandaje. Thora akasema pengine lilikuwa linaomba lifti. Walibishana hivyo mpaka vioo vikaingia ukungu. Mwishowe Thora akafungua mkoba, akatoa kibunda cha uzi, akatoa sindano ya kroshia, akatoa peremende ya koo na leso, akivitambua kwa vidole kimoja kimoja na kunipitishia nyuma mapajani, na chini kabisa zikatoka funguo. Akazishika kidogo.

"Nani atanipeleka Alhamisi?"

Joleen akazichukua akanyoosha mkono nyuma bila kugeuka. "Anti Ardis. Yeye ndiye aliyeanzisha."

Sikuwa na la kukataa, na nilikataa mara mbili tu kwa ajili ya heshima. Sasa kila Alhamisi nampitia Thora, anakaa pembeni na kikapu chake cha uzi, ananiambia nimekaribia mno ukingo wa barabara, jambo asiloliona ila analisikia kwenye matairi. Ile pikapu ni ya gia za mkono, ya marehemu mumewe. Mimi naijua ya kwanza na ya pili. Tunafika kanisani kahawa ikiwa imeshapoa, na nyuma yetu msururu wa magari hauna mtu hata mmoja anayepiga honi.